Wasikilizaji wa Mfaransa

Niseme ukweli mapema: muziki ule sikuupenda. Nimeusikia tangu nikiwa tumboni mwa mama, na bado sikuupenda. Akodiani, kinanda kile cha kukumbatia kifuani na kukivuta na kukisukuma, Mfaransa aliyekufa zamani anapiga walsi, dansi ile ya Kizungu ya kuzungukazunguka, na baba yangu amefumba macho kama yuko kwenye sala. Wenzangu wa Bukavu walikuzwa na rumba. Baba zao walijua kila gitaa la Kinshasa na nani alimwibia nani mwimbaji. Mimi nilikuzwa na walsi, na watoto wa jirani walikuwa wakinicheka wakipita dirishani, wananyanyua miguu kama bata.

Siku hizi Baba anaishi Jakobsberg, pembeni mwa Stockholm huku Sweden, peke yake, ghorofa ya tatu, na mimi naishi Farsta, upande wa pili wa mji. Kati yetu kuna treni mbili na karibu saa nzima. Kila Jumamosi naenda kwake na binti yangu. Napika ugali na sombe, majani ya muhogo ya kwetu, nafua, nagombana naye kuhusu dawa za presha, kisha narudi kwangu. Mama alifariki tukiwa bado kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa hiyo magomvi yake yote nimeyarithi mimi. Na katika magomvi yote, Mfaransa yuko pale pale mezani, analia taratibu karibu na bakuli la sukari.

Haikuwa ushamba wala kujifanya mzungu. Babu yangu alikuwa mpishi wa mapadri. Mapadri walipoondoka walimwachia gramafoni na santuri tatu. Mbili zilivunjika njiani, maana alizibeba kichwani pamoja na sufuria, na iliyobaki ndiyo ya Mfaransa. Baba na mdogo wake walikulia juu ya santuri hiyo moja. Mmoja anazungusha mkono wa gramafoni, mwingine anasikiliza, kisha wanabadilishana, na kama mmoja alichelewa kubadilishana walipigana ngumi. Santuri ilipochakaa hadi ikawa inatoa sauti ya kukaanga vitunguu, wakabaki na redio.

Redio ya kwetu ilikuwa na kipindi cha salamu kila Jumapili mchana. Unanunua kadi, unaandika wimbo unaoutaka, unataja wa kuwasalimu: mjomba wa Kadutu, shangazi wa Bagira, na wote wanaonifahamu. Wimbo ulioombwa na wengi ndio uliopigwa, na wengi waliomba magitaa, ilikuwa haina mjadala. Mfaransa alikuwa na wapenzi wawili mji mzima. Basi wale ndugu wawili wakaanza kuandika. Waliandika kwa mkono wa kulia na wa kushoto, kwa wino wa bluu, kwa kijani, kwa penseli. Walizua watu. Kulikuwa na mjane wa Nguba ambaye walsi zilimtuliza moyo, fundi viatu wa Panzi, mapacha walioolewa siku moja. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mwongo hodari, Baba husema. Yeye Baba alikuwa anaandika tu, lakini mdogo wake alikuwa anawajua wale watu wa uongo, wanakula nini na wanaumwa nini. Alimfanya mjane wa Nguba augue miezi miwili, kadi baada ya kadi, hadi mtangazaji akamwombea dua hewani.

Mtangazaji akanasa. Akaanza kumwita Mfaransa kipenzi cha Bukavu. Na binadamu walivyo na kufuata mkumbo, watu wakaanza kusema kweli nao wanampenda, tena tangu zamani. Mwalimu mkuu wa shule yao alisema yeye alikuwa akimsikiliza kabla ya wote. Miaka kadhaa, Jumapili mchana, mzungu yule aliwapita wapiga gitaa wote wa Kinshasa, watu waliokuwa wakijaza viwanja. Baba anapoisimulia hadithi hii hucheka mpaka anafuta macho, na anapofuta macho najua kicheko kimekwisha na kilichobaki ni kile kingine.

Maana mdogo wake hatujui alipo. Vita vilipoingia mjini tulikimbia kuelekea Uvira, yeye akiwa nasi. Siku ya kwanza njiani akageuka kwenda kumchukua nyanya, mama yao, aliyekuwa amekataa kuondoka nyumbani kwake. Akamwambia Baba, "Yaya," maana ndivyo kwetu tunavyomwita mkubwa wetu, "tangulieni, nawafikia kesho." Hakutufikia. Baadaye sana, kambini, mtu mmoja alituambia alimwona: alimbeba nyanya mgongoni kuelekea msituni, nyanya akafia njiani, akamzika, akaendelea na watu wengine. Alimwona akiwa hai. Neno hilo moja, hai, ndilo lililotufunga. Matanga hatukuweka. Huwezi kumlilia mtu aliyeonekana akitembea. Tangu tufike Sweden kuna ofisi inayotafuta ndugu waliopotea, na kila mwaka inatuma barua, na kila mwaka namsomea Baba, nikiitafsiri polepole kana kwamba polepole itabadilisha maneno. Bado hawajapata chochote.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasikiliza Baba akifumba macho. Nilijua, na bado muziki wenyewe ulinichosha. Mungu anisamehe.

Binti yangu ana miaka kumi na saba, na Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu Kiswidi. Jumamosi moja alichoka na diski ya babu yake, iliyokwaruzika na kurukaruka, akamwekea kwenye simu programu ya muziki anayoitumia yeye. Akamtafutia Mfaransa. Alikuwepo, na picha yake yenye nywele zilizopakwa mafuta. Chini ya jina palikuwa na namba ya watu wanaomsikiliza kwa mwezi.

"Babu, tazama," akamwambia kwa Kiswidi, na kwa ule ukatili wa watoto wenye mioyo mizuri akaanza kumlinganisha. Mwimbaji anayempenda yeye, msichana wa rika lake, namba yake ilijaza upande hadi upande wa kioo. Mwanarumba mmoja wa Kinshasa naye alikuwa na namba ya heshima. Kisha akamtafuta mpiga akodiani wa Kiswidi, mmoja wa wale wa muziki wa dansi za kiangazi, naye akampita Mfaransa mbali.

"Kumbe na Waswidi wana akodiani?" Baba akauliza.

"Wanayo, na wanakushinda," nikasema kutoka kwenye sinki. Mdomo wangu huo.

Baba alikuwa ameshashuka chini ya namba, kwenye mahali ambapo programu inaonyesha miji mitano ambako wasikilizaji wa mwanamuziki ni wengi. Paris. Lille. Brussels. Alivaa miwani akapitisha kidole, mji kwa mji. Akamuuliza mjukuu wake nani anayeandika orodha hiyo. Binti yangu akamwambia hakuna anayeandika, ni simu zenyewe zinahesabu. Simu moja peke yake haitoshi kuuleta mji, lakini mtu mwenye wasikilizaji wachache kama huyu, hata watu kumi na kitu wanaweza.

"Kwa hiyo hakuna kudanganya," Baba akasema.

Akazima simu na mabega yake yakashuka. Nikaona yameshuka, nikadhani namba ndiyo iliyomuuma. Nilidhani mzee amegundua kwamba mtu wake amesahauliwa duniani, ameshindwa hata na Waswidi. Hapo ndipo nilipokosea. Baba hakujali namba. Alikuwa anatafuta mji wa mdogo wake: Kisangani, Lusaka, Nairobi, Kigali, popote pale ambapo mtu wa makamo yake angeweza kuwa amekaa na simu anamsikiliza Mfaransa. Lakini hakusema, nami sikuuliza, nikaosha sufuria kwa hasira hadi ikang'aa.

Jumatatu nikaanza kazi yangu ya siri. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee huko kusini, na kwenye chumba cha mapumziko huwa tuko mchanganyiko wa mataifa. Nikamwendea kwanza mwenzangu Mkenya, tunayepokezana naye zamu tangu miaka mingi.

"Weka tu huyu mtu kwenye simu yako," nikamwambia. "Si lazima usikilize. Acha acheze ndani ya begi."

Akaweka, akasikiliza nusu dakika. "Dada, huyu mzungu wako ananiletea usingizi, na bado niko na saa tano za kazi."

"Lala, lakini usizime."

Nikawaendea Waswidi wawili, Mtanzania wa jikoni, dada wa Uganda wa zamu ya jioni. Jumapili nikaenda nayo kanisani kwetu Hjulsta, nikawapa wamama wa kwaya, kila mmoja na simu yake, na watoto wao. Walimweka akiwa anacheza jikoni huku wakikaanga mikate. Hata wazee wetu kazini niliwapigia saa ya kahawa. Bibi mmoja wa miaka tisini na kitu, ambaye huwa hasemi, akaanza kucheza kwa vidole mezani, nikafurahi sana, nikasema nimepata shabiki wa kweli. Wimbo ulipokwisha akaniomba, kwa Kiswidi safi kabisa, sasa nimpigie yule wa kwao. Nikampigia wa kwao. Ilibidi nikubali, wa kwao ana furaha zaidi.

Wakafika kama watu thelathini. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilikuwa naandika kadi za salamu kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na sikujijua.

Wiki chache zikapita. Jumatano, saa tano asubuhi, nikiwa namvalisha mzee mmoja soksi, simu ikaita mara tatu mfululizo. Baba huwa hanipigii kazini. Nikapokea nikiwa nimepiga magoti.

"Mama," akaniambia, maana tangu mama afe ananiita hivyo, "njoo. Mdogo wangu yuko Stockholm."

Nilidhani barua imefika. Nilidhani ile ofisi hatimaye imeandika neno jingine. Nilimwomba mwenzangu anishikie zamu, nikakimbia hadi kituoni, na ndani ya treni watu walikuwa wananitazama kwa sababu nilikuwa ninacheka peke yangu. Nakumbuka nilihesabu shuka. Baba ana shuka ngapi, kitanda cha pili tutakitoa wapi. Miaka yote hiyo nilidhani nimeshakata tamaa, kumbe nilikuwa namngoja na mimi, mtu aliyekuwa akinibeba shingoni kwenda sokoni.

Nilimkuta Baba amenyoa ndevu na kuvaa suti yake ya ubatizo wa binti yangu. Hakuna barua. Simu ilikuwa mezani juu ya sahani safi. Akanionyesha kwa kidole. Paris, Lille, Brussels, Marseille, na wa tano, Stockholm.

"Mimi ni simu moja," akasema. "Mtoto alisema simu moja haitoshi. Kuna mtu mwingine hapa mjini, na anasikiliza sana, yeye na watu wake. Labda ana watoto. Niambie wewe, katika mji huu, nani mwingine anaweza kumjua mtu huyu?"

Nilikaa kwenye kiti na koti langu. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Maneno yalikuwa mepesi tu: ni mimi, Baba. Lakini alikuwa ameshatandika shuka mpya kwenye kochi, na juu ya mto ameweka taulo na sabuni ambayo haijafunguliwa. Nikamwambia, "Tutamtafuta." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikwenda mwezi mzima na zaidi.

Akaanza kumtafuta kwa utaratibu wake. Alipanda treni kila asubuhi baada ya watu wa kazini kupungua, akishuka kwenye vituo vya mwisho. "Naanza kwenye miisho," alinieleza, "halafu nakuja katikati, ili asinipite." Alizunguka kwangu Farsta, kwenye maduka, akitazama shingo za wanaume wazee, maana ndugu yake ana kovu nyuma ya shingo. Siku moja alimfuata mtu hadi kwenye rafu za maziwa. Mtu akageuka, ni Mgambia, mtu mwema, akamnunulia kahawa. Jumapili, baada ya ibada, aliwauliza wamama wa kwaya kama wanamjua mzee wa Bukavu anayependa akodiani. Walinitazama mimi. Nikatikisa kichwa kidogo, nao wakasema hapana, mzee, hatumjui. Mmoja wao aliniambia baadaye pembeni, "Yaya, dhambi hii ni ya kwako, usitugawie." Nilimjibu vibaya. Nilikuwa na haya, na mwenye haya ana mdomo mchafu.

Barafu ilimwangusha Baba kule Hjulsta, kwenye kituo cha mwisho. Mtu wa kituo alinipigia akasema baba yako amekaa kwenye benchi, ameumia mkono, hataki gari la wagonjwa, anasema anangoja. Nikaenda. Ilikuwa mchana, mwanga ule mwembamba wa Januari, na Baba alikuwa ameketi kwenye benchi la stesheni ameshika kifundo chake cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akiwatazama watu wanaoshuka.

"Sijaangalia hii treni vizuri," akasema. "Ngoja ijayo."

"Baba, ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Ni mimi niliyeleta Stockholm kwenye orodha. Niliwaambia watu waweke. Watu wa kazini, wa kanisani. Nilidhani umeumia kwa ajili ya ile namba. Nilitaka ufurahi."

Treni nyingine ikaja, ikamwaga watu, ikabaki wazi milango yote, kisha ikaondoka tupu.

"Wangapi?"

"Kama thelathini."

"Wote ni wako."

"Wote, Baba."

"Hata mmoja si yeye?"

Nilikuwa nalia sasa, mbele za watu, mwanamke mzima na sare ya kazi chini ya koti. Nikamwambia sijui. Ndiyo ukweli, sijui, na nadhani jibu hilo ndilo lililomwumiza kuliko kuanguka.

"Sisi tulimdanganya mtu wa redio," akasema. "Wewe umenidanganya mimi." Akanipa mkono wake mzima nimwinue, tukaenda hospitali. Mfupa ulikuwa umepasuka. Walimfunga plasta hadi kiwiko, na njia nzima ya kurudi hakunisemesha, isipokuwa kuniambia nifunge koti.

Kesho yake nikaanza kuwazungukia wote. Zima, tafadhali, mtoe kwenye simu, asante, imetosha. Wengine walikuwa wameshasahau kama wanaye. Mwenzangu Mkenya akaniangalia. "Na mimi ndiyo nimeanza kumzoea," akasema, lakini akamfuta mbele yangu, akanionyesha kioo. Binti yangu akasema itachukua kama mwezi hesabu zijisafishe. Jumamosi nilipofika Jakobsberg nyumba ilikuwa kimya. Hakuna walsi. Nikadhani amekasirika, na alikuwa na haki. Nikapika, nikafua, hata dawa hatukugombana. Jumamosi iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata. Sijawahi kusikia friji ikinguruma namna ile. Nilianza kupiga miluzi ile ile ya walsi nikiwa jikoni, bila kutaka, kisha nikijisikia najinyamazisha.

Mwezi ulipokwisha tukafungua orodha pamoja. Stockholm haikuwepo. Mahali pake pa tano palikuwa na mji mwingine wa Ufaransa. Nikamwekea Baba chai, nikakusanya ujasiri wangu.

"Sasa wa kwangu wote wametoka," nikamwambia. "Msikilize mtu wako. Ngoja nikuwekee."

Nilinyoosha mkono kuichukua simu. Akaifunika kwa ule mkono wake wenye plasta.

"Acha."

"Bado umenikasirikia, Baba."

"Nilikasirika. Imekwisha." Akapuliza chai. "Hata wewe usimweke, na mtoto asimweke, na mimi sitamweka. Nikimsikiliza mimi nitamficha mdogo wangu. Siku mji huu ukirudi hapa, nataka nijue si mimi."

"Na usiporudi?"

"Kuna miji mingine."

Nikamwambia atakaaje bila muziki wake, mtu aliyeusikiliza maisha yake yote, tangu akiwa na suruali fupi. Nilikuwa karibu kumpigia kelele. Nilitaka kumwambia mdogo wako labda amekufa, Baba, labda amelala msituni karibu na nyanya, na wewe unajinyima kitu pekee alichokuachia. Sikusema. Alikuwa ananitazama kwa upole, kama anajua maneno yote niliyoyameza na ameshayasikia mwenyewe mara nyingi kabla yangu.

"Miwani yangu ilivunjika kule Hjulsta," akasema. Akaisukuma simu hadi upande wangu wa meza. "Nisomee."

Nikamsomea miji yote mitano, polepole, na baada ya kila mmoja alisubiri kidogo, kisha akaniambia niendelee.